Miraa, Pumu na Dawa za Kufungua Pumzi

Katika vilima vya Nyambene, upande wa kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya, uko mti ambao sifa zake zimefika mbali kuliko sifa za vilima vyenyewe. Wameru wa Igembe na Tigania huuita miraa. Ukishuka kusini, ukapita Tharaka Nithi hata ukafika nchi ya Wambeere katika Kaunti ya Embu, utamkuta ndugu yake aitwaye muguka. Miraa hutafunwa ganda la vijiti vyake vichanga, na muguka hutafunwa majani. Lakini kwa wataalamu wa mimea huo ni mti mmoja, Catha edulis, jina lililotoka katika maandishi ya Pehr Forsskål, Mswidi aliyekwenda kuchunguza mimea ya Yemeni akafia huko mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775, naye amekwisha kuzikwa zamani.

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya miraa: fedha inayoingia Maua, ugomvi wa serikali kwa serikali, malalamiko ya akina mama wa pwani na miji ya kaskazini, na heshima ya wazee wa Kimeru ambao kwao fungu la miraa liitwalo ncoolo hupelekwa kufungua maneno ya posa. Sitayarudia hayo. Nataka kueleza jambo moja lisilotajwa sana, nalo ni udugu wa karibu ulioko baina ya jani hili na dawa ya pumu. Huko Yemeni na Uhabeshi, mti huu ulikotumiwa tangu zamani, wako waliolitafuna jani kwa ajili ya kikohozi na pumu, na hawakuwa wajinga. Walikuwa wamegusa ncha ya jambo ambalo wanakemia walikuja kulifumbua baadaye sana. Walakini ncha si jambo zima, na tofauti hiyo imewagharimu watu wengi maisha yao, si hapa tu, bali hata katika nchi zenye hospitali kubwa.

Ili kufahamu habari hii yafaa kwanza tutazame ndani ya kifua. Pumzi hupita kooni ikaingia katika bomba moja kubwa, nalo hugawanyika matawi mawili, na kila tawi huzaa vitawi, na vitawi vikazaa vingine vidogo zaidi, mfano wa mkahawa uliopinduliwa shina juu na matawi chini. Mirija hiyo midogo imezungukwa na misuli laini ambayo mtu hana amri juu yake. Haikazi wala hailegezi kwa kutaka kwake. Mtu akishikwa na pumu hutukia mambo matatu. Misuli hujikaza na kuibana mirija. Ukuta wa ndani wa mirija huvimba. Kisha ute mzito hutoka na kuziba nafasi kidogo iliyosalia. Ndipo husikia mluzi kifuani, na mgonjwa hukaa kitako ameinama mbele, akiivuta hewa kama mtu anayevuta kamba ya kisima kirefu. Baridi ya nyanda za juu, vumbi, chavuo la maua, na hasa moshi wa mafiga matatu katika jiko lisilo na dirisha, vyote vyaweza kuiamsha. Msomaji ayashike mambo hayo matatu, kwa maana dawa inayotibu moja peke yake, mengine mawili ikayaacha, yaweza kumpa mgonjwa faraja na hatari kwa pamoja.

Sasa tuache kifua kidogo, twende kwenye figo. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo. Mtu akikutana ghafula na nyati katika msitu wa Mlima Kenya, tezi hizo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini, na mara mwili mzima hugeuka. Moyo hupiga kwa nguvu, damu huihama ngozi na tumbo ikakimbilia misuli ya miguu, njaa husahaulika, usingizi hutoweka, na mirija ya hewa hupanuka, kwa sababu mwenye kukimbia ahitaji hewa nyingi. Zingatia kwamba hayo yote ni amri moja. Mwili hauna desturi ya kuamuru mirija ya hewa ipanuke bila ya kuuamsha moyo vilevile.

Mwaka 1901 mwanakemia wa Kijapani, Jokichi Takamine, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitangaza kwamba ameipata adrenalini safi kutoka katika tezi za wanyama. Haikupita miaka mingi madaktari wakaanza kuwadunga wagonjwa wa pumu, na mtu aliyekuwa akikata roho akaweza kuketi na kusema katika muda wa dakika chache. Ilikuwa ajabu kubwa. Lakini haikumezeka, kwa kuwa huharibika tumboni; nguvu yake haikudumu; na mgonjwa aliyepona pumu alibaki akitetemeka, amesawijika, moyo ukimpiga kama kwamba nyati yuko mlangoni. Hata leo adrenalini ni dawa ya lazima kwa mtu aliyezidiwa ghafula na mzio mkali, lakini si ya kutumiwa kila siku.

Jawabu lililofuata lilitoka Uchina. Huko kuna kichaka kikavu kiitwacho ma huang, ambacho waganga wa Kichina walikichemsha kwa ajili ya kifua kwa zaidi ya miaka 2000. Mwaka 1885 Nagayoshi Nagai, naye Mjapani, alikitoa katika kichaka hicho kiini chake, efedrini. Kwa muda wa karibu miaka 40 kiini hicho kilikaa rafuni bila ya kushughulikiwa sana, mpaka Ko Kuei Chen, kijana wa Kichina aliyesomea Marekani, alipokipima tena pamoja na mwenzake Carl Schmidt katika chuo cha udaktari cha Peking, wakatoa habari zao mwaka 1924. Waliona kwamba efedrini hufanya kazi zinazofanana na za adrenalini, ila hii humezwa isiharibike, na nguvu yake hudumu kwa saa kadhaa. Hapo dunia ikaikimbilia. Kwa miaka mingi baada ya hapo kidonge cha efedrini kilikuwa tegemeo la wenye pumu katika nchi nyingi.

Basi turudi Nyambene. Mwaka 1930 mwanakemia aitwaye Wolfes alitambua ndani ya majani ya mti wetu kitu alichokiona kuwa ni jamaa wa karibu sana wa efedrini. Leo huitwa kathini. Ukiziandika kathini na efedrini ubaoni kwa alama za kemia, mwanafunzi wa kidato cha nne ataona mwenyewe kwamba zinapishana kidogo tu. Lakini wachunguzi walitatizwa: kathini ni dhaifu, nayo haikutosha kueleza nguvu aionayo mtafunaji. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ndiyo iliyopata kiini chenye nguvu, kathinoni, kwa kuchunguza majani mabichi badala ya makavu. Jani likinyauka, kathinoni hugeuka kuwa kathini na nguvu hupotea. Wakulima wa Igembe walikuwa wakilijua jambo hilo kwa mikono yao muda mrefu kabla ya maabara yoyote. Ndiyo sababu vijiti hufungwa katika majani ya mgomba visikauke, na ndiyo sababu magari ya miraa hukimbia barabara ya Nairobi kwa mwendo ambao sote twaulaumu. Dereva yule hashindani na mwenzake tu. Ashindana na kemia.

Nini afanyacho kathinoni mwilini? Adrenalini ni kama mchuuzi ajaye sokoni na mzigo wake mwenyewe. Efedrini na kathinoni aghalabu hufanya kwa njia nyingine: huenda kwenye ncha za mishipa ya fahamu, ambako mwili umejiwekea akiba ya vitu vya namna ya adrenalini, zikafungua ghala na kuimwaga akiba nje. Efedrini hugonga na milango ya mirija ya hewa moja kwa moja. Kathinoni huingia zaidi ubongoni, ndiyo maana mtafunaji huchangamka, husema sana, na huona kila shauri kuwa jepesi. Mambo mawili yafuata. La kwanza, ghala likimwagwa mara kwa mara hubaki tupu, na kipimo kilichotosha jana hakitoshi leo. Hali hiyo madaktari waliiona kwa efedrini zamani. La pili, akiba iliyomwagwa haichagui pa kwenda. Yaingia mirija ya hewa, sawa, lakini yaingia pia moyo, mishipa ya damu, tumbo na kibofu.

Ukiandika orodha ya madhara ya efedrini kama yalivyopangwa katika vitabu vya madawa, kisha ukaandika orodha ya malalamiko ya mtafunaji wa miraa au muguka, utashangaa jinsi karatasi mbili zinavyolingana: moyo kwenda mbio, shinikizo la damu kupanda, kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, mikono kutetemeka, wasiwasi, kinywa kukauka, na taabu ya kukojoa, hasa kwa wanaume wenye umri. Madaktari wa Yemeni wamechunguza wagonjwa walioshikwa na shtuko la moyo wakaona kwamba utafunaji mwingi huongeza hatari hiyo. Hata sheria za dunia zimewaweka ndugu hawa karibu. Kathinoni iliingizwa mwaka 1986 katika orodha kali kabisa ya mapatano ya mwaka 1971 juu ya dawa za kulevya akili, na efedrini iliwekwa chini ya ulinzi kwa mapatano ya mwaka 1988, kwa sababu watu waovu huigeuza kuwa kileo kikali. Jani lenyewe la miraa halikuingizwa katika mapatano hayo. Kila nchi imeachiwa shauri lake: Uholanzi ililipiga marufuku mwaka 2013, na Uingereza mwaka 2014, na katika vilima vya Nyambene pigo hilo la pili lilionekana mara katika ada za shule.

Mtu aweza kusema: basi, miraa ni efedrini ya maskini, na iwe dawa. Hapo ndipo lazima tuiangalie historia ya dawa zenyewe, kwa maana walioendelea na kazi hiyo hawakuridhika na efedrini. Walitaka kutenganisha kile ambacho mwili huunganisha: kufungua pumzi bila ya kuuchokoza moyo. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist wa Marekani alieleza kwamba adrenalini huingia mwilini kwa milango ya namna mbili, akaipa majina ya herufi za Kiyunani, alfa na beta. Wakati huo ilikuwapo dawa mpya, isoprenalini, iliyogonga milango ya beta peke yake. Iliifungua mirija kwa haraka, lakini moyo nao una milango ya beta, hivyo mapigo yakawa palepale.

Kisha alikuja binti wa miaka 13, mwenye pumu, ambaye baba yake George Maison alikuwa mkuu wa kampuni ya Riker huko Marekani. Aliuliza kwa nini dawa yake isitiwe katika kopo la kunyunyiza kama manukato. Swali la mtoto likazaa kazi kubwa, na mwaka 1956 inhela za kwanza za kubonyeza zikaanza kuuzwa. Dawa sasa ilikwenda moja kwa moja mahali penye ugonjwa, kwa kipimo kidogo. Wengi walidhani kwamba shida imekwisha.

Haikwisha. Kuanzia mwaka 1961 hivi, vifo vya pumu vilianza kupanda katika Uingereza, Australia na New Zealand, hasa kwa vijana. Katika Uingereza na Wales, kwa watoto wa miaka 10 hadi 14, vifo viliongezeka mara saba au zaidi katika muda wa miaka saba. Haya si makosa ya uchapaji. Watoto walikuwa wakikutwa wamekufa, na inhela imekwisha dawa. Mwaka 1967 madaktari walionywa, na mwaka 1968 inhela hizo zikazuiwa kuuzwa bila ya cheti cha daktari, vifo vikashuka. Mwaka 1972 Paul Stolley wa Marekani alionyesha kwamba balaa ilizipata zaidi nchi zilizouza isoprenalini ya nguvu mara tano, na nchi zisizoiuza, kama yake, ziliepuka. Wataalamu wameshindana tangu hapo juu ya sababu yenyewe. Wengine husema dawa iliuvunja moyo uliokuwa na upungufu wa hewa. Wengine husema faraja ya upesi iliwadanganya wagonjwa wasiende hospitali hata ikawa kuchelewa. Mimi naona kwamba sababu hizi mbili hazikatazani, na ya pili ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Kumbuka mambo matatu ya pumu. Dawa hii ililegeza misuli tu. Uvimbe na ute viliendelea kimyakimya nyuma ya pazia.

Hatua mbili zikafuata, na zote zadumu hata leo. Wachunguzi walikwisha kugundua, mwaka 1967, kwamba milango ya beta nayo ni ya namna mbili, mmoja wingi wake uko moyoni na mwingine katika mirija ya hewa. David Jack na wenzake wa kampuni ya Allen & Hanburys, katika mji wa Ware huko Uingereza, walitengeneza salbutamoli, ambayo hupenda zaidi mlango wa mirija. Ilianza kutumiwa mwaka 1969, nayo ndiyo iliyomo katika inhela ya buluu inayojulikana katika kila duka la dawa kutoka Embu hadi Maua. Hatua ya pili ilikuwa mwaka 1972, ilipotolewa inhela ya beklometasoni. Hii ni dawa ya jamii ya steroidi, na kazi yake ni kupunguza uvimbe. Haimpi mgonjwa nafuu ya papo hapo. Hufanya kazi polepole, siku baada ya siku, na kwa sababu hiyo wengi huidharau na kuiacha, wakaishika ile ya buluu.

Hata dawa hizi njema zina madhara yake. Salbutamoli hutetemesha mikono, kwa kuwa misuli ya mikono ina mlango uleule wa mirija, na kipimo kikubwa huufikia moyo. Hapa kuna hesabu ifaayo kufanywa darasani. Mbonyezo mmoja wa inhela kwa kawaida hutoa mikrogramu 100. Kidonge cha salbutamoli, ambacho wengi hukinunua kwa kuwa ni rahisi, huwa na miligramu 2 au 4. Kidonge cha miligramu 4, basi, kina dawa sawa na mibonyezo 40, na karibu yote huzunguka mwili mzima kabla ya kidogo kukifikia kifua. Si ajabu mmezaji atetemeke. Steroidi ya kuvuta yaweza kuleta utando mweupe mdomoni na sauti ya kukwaruza, ndiyo maana mgonjwa huambiwa asukutue kwa maji na kuyatema. Steroidi ya kumeza kwa muda mrefu ni kali zaidi: hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari ya damu, huvimbisha uso, na haiachwi ghafula, kwa kuwa tezi za mwili huwa zimezoea kukaa bure.

Mwaka 2019 shirika la wataalamu wa pumu duniani, liitwalo GINA, lilibadili shauri lake la miaka 50: halishauri tena mtu mzima wala kijana kutibiwa kwa dawa ya kufungua mirija peke yake bila ya steroidi ya kuvuta. Somo la miaka ya 1960 lilichukua muda mrefu kufika mwisho wa njia.

Kwa kipimo hicho, jani la Nyambene na la Mbeere limesimama pale efedrini iliposimama mwaka 1924, na nyuma yake kidogo. Lafungua ghala lote, halina mlango liuchaguao, kipimo chake hubadilika kwa shamba, kwa umri wa mti na kwa saa zilizopita tangu kuvunwa, na juu ya uvimbe wa mirija halina dawa yoyote. Mwenye pumu alitafunaye aweza kuona kifua chepesi kwa saa mbili tatu, na humo uvimbe ukazidi. Na akiongeza mibonyezo ya salbutamoli juu yake, moyo wake hupokea amri mbili za kukimbia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo daktari au muuguzi amwulizapo mgonjwa wa pumu kama hutafuna, hamsemi kwa tabia zake. Ataka kujua ni dawa ngapi zilizomo tayari katika damu.

Mabishano ya mashamba na masoko ni mengine, nayo yaendelea. Mwezi wa Mei 2024 baadhi ya kaunti za pwani zilipiga marufuku muguka, viongozi wa Embu wakalalamika, serikali kuu ikaipinga marufuku hiyo, na mahakama ikaisimamisha. Katika mabishano yale upande mmoja ulitaja sumu na upande wa pili ulitaja ada za shule.